Gramu Arobaini na Moja

"Laki mbili na sitini elfu? Nikulipe kwa kuniibia?"

"Unilipe kwa kukutengenezea. Hilo neno la pili lirudishe mdomoni ulikolitoa."

"Mizani si hiyo hapo? Soma!"

Fundi alikuwa ameshasoma. Alisoma mara tatu, na mara zote tatu mizani ilimjibu lilelile: kilo kumi na gramu mia nne. Baiskeli ilining'inia kwenye ndoano katikati ya karakana, imetulia kama mbuzi aliyechunwa. Juzi tu, Alhamisi, baiskeli hiyohiyo, kwenye ndoano hiyohiyo, ilikuwa na kilo nane na gramu mia moja hamsini na tisa. Hizi mbili na ushei zimetoka wapi? Baiskeli haili wala haishiki mimba.

Aliyekuwa akifoka watu wote wa mtaa ule walimwita Gramu, na mwenyewe jina alilipenda, maana wapo watu ukiwatukana wanadhani umewasifu. Alifanya kazi kwenye ofisi ya bima. Kila kitu alichokipanda alikipima kwanza. Aliwahi kumletea fundi boliti nne za titani ndani ya kitambaa laini, kama mtu anayeleta pete ya ndoa, kwa sababu zilikuwa nyepesi kuliko za chuma kwa gramu kumi na moja. Kofia yake ngumu aliikata ukanda uliozidi. Chupa yake ya maji aliijaza nusu. Alipunguza uzito kila mahali isipokuwa tumboni, huko hakugusa hata gramu moja.

Nyuma yake walisimama wenzake sita wa chama cha waendesha baiskeli, wamevaa kaptura za kubana na fulana za rangi za kuumiza macho. Hawa kila Jumamosi alfajiri waliendesha kilomita ishirini, kisha wakakaa mahali penye kivuli wakazisimulia kama arobaini. Mmoja wao alikuwa daktari wa meno, mtu mpole, mwenye baiskeli ya kaboni iliyomgharimu kuliko nyumba ya fundi pamoja na kiwanja chake. Daktari alikuwa anaangalia sakafu.

"Umenibadilishia vitu," Gramu alisema, sasa kwa sauti ya kuwasikilizisha wenzake. "Umetoa beringi zangu umetia takataka. Umetoa spoki zangu umetia nondo."

Fundi alikuwa mtu wa hasira za karibu. Angeweza kumpiga mtu spana akajuta baadaye. Lakini karakana ile aliijenga kwa neno moja tu, kwamba hapa hakuna ujanja, na neno lile ndilo lililokuwa likipigwa mateke sasa hivi mbele ya wateja wake saba. Ukipiga mtu, mwizi ni wewe. Akashusha pumzi.

"Kaeni hapo," alisema. "Naifungua yote. Mtapima wenyewe."

Akaifungua. Gurudumu la mbele likapanda mizanini, likashuka. La nyuma likapanda, likashuka. Usukani, breki, pedali mbili, krenki na sproketi yake, cheni iliyokunjwa kama nyoka aliyelala, kiti kipya cha ngozi, nguzo ya kiti, uma wa mbele, mwisho fremu yenyewe ikiwa tupu. Daktari alisoma namba kwa sauti, mwingine akazijumlisha kwenye simu. Jumla ilikuja kilo nane na gramu mia moja hamsini na tisa. Haikuzidi hata punje.

"Haya," fundi alisema.

Akaifunga tena mbele ya macho yao. Hakuna aliyetoka nje, hakuna aliyepepesa jicho. Alipoirudisha kwenye ndoano, mizani ikafikiri kidogo, ikatoa namba: kilo kumi na gramu mia tisa.

Imeongezeka.

Mtu mwenye akili hapo angenyamaza akajiuliza. Gramu hakuwa na akili, alikuwa na mizani. "Umeona? Hata mizani yake ni mwizi!" akawaambia wenzake. "Sikiliza, fundi. Hii naiacha hapa. Jumamosi ijayo nikiikuta ina kilo nane na mia moja hamsini na tisa, tutazungumza habari ya pesa. Nisipoikuta, utatafuta kazi ya kuuza karanga. Na kwenye kundi la simu la chama naandika leo hii."

Akaandika akiwa bado mlangoni. Simu sita zikalia ndani ya mifuko sita. Na wale sita, mmoja baada ya mwingine, wakaingia ndani kuchukua baiskeli zao zilizokuwa zinasubiri matengenezo, wakizitazama kama watoto waliokoswakoswa kugongwa na gari. Daktari alikuwa wa mwisho. "Samahani, fundi," alinong'ona. "Unajua tena mambo ya chama." Fundi akageukia meza yake. Mtu akikuomba radhi huku anakukimbia, jibu lake ni mgongo.

Sasa, fremu ile ilikuwa na hadithi yake, na Gramu mwenyewe ndiye aliyeisimulia, tena kwa kicheko. Ilikuwa fremu ya zamani ya chuma chepesi, maungio yake yamechomelewa kwa mkono na mtu aliyejua kazi, aina ambayo wapenzi wa baiskeli huitafuta kama wengine wanavyotafuta dhahabu. Aliikuta kwa mjane mmoja, imeegemezwa ukutani na keria yake yenye kutu. Marehemu mumewe alikuwa anapeleka mikate madukani. "Nimemwambia mama ni chuma chakavu," Gramu alieleza, "nikampa bei ya chuma chakavu. Akashukuru!" Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. Fundi alikuwa anapiga msasa. Hakucheka.

Na siku fundi alipoichomoa nguzo ya kiti, akamulika ndani ya bomba, aliona kizibo. Kilikuwa cha madini ya risasi, kimegongwa kikakaza, kimezungushiwa nta nyeusi, na juu yake kimekwaruzwa mistari mistari ambayo haikuwa alama ya kiwanda chochote.

"Hiki sikijui," fundi alisema. "Kitu nisichokijua sikitoi."

"Risasi?" Gramu alishtuka kana kwamba ameonyeshwa uvimbe. "Risasi ndani ya baiskeli yangu? Unajua uzito wa risasi wewe?"

"Huyo mama hakukuambia chochote?"

"Aliongea ongea. Wazee wanaongea. Lete koleo."

Fundi hakuleta. Gramu akaichukua mwenyewe mezani, akaiingiza ndani ya bomba, akavuta kwa mikono miwili, mguu mmoja akiukaza kwenye fremu. Kizibo kilitoka kwa mlio wa kifuniko cha soda, na ndani ya bomba kukatoka harufu ya unga uliochacha, nzito, yenye joto kidogo, kama mtu amepiga mwayo usoni mwao. Gramu hakujali. Alikipima kizibo papo hapo. "Gramu arobaini na moja!" akapiga kelele, akakiinua juu kama aliyeng'oa jino la simba. Fundi alikichukua akakitia kwenye mfuko wa vitu vilivyotolewa, kama desturi yake. Kwake kila kinachotoka kwenye baiskeli ya mtu, hata nati iliyooza, hurudishwa kwa mwenyewe. Safari hii mwenyewe aliusahau mfuko mezani.

Jumapili karakana ilikuwa imefungwa. Mke wa fundi alikuwa anashona nguo za watu chumba cha pili, na kati yake na karakana kulikuwa na ukuta mmoja tu. Saa nane mchana alisimamisha cherehani.

"Baba watoto," aliita, "nani yuko karakana?"

"Hakuna mtu. Ufunguo ninao mimi."

"Basi huyo hakuna mtu anazungusha gurudumu."

Fundi akasikiliza. *Tik, tik, tik, tik.* Ulikuwa mlio wa friwili, ule unaousikia mtu anapoacha kupiga pedali baiskeli ikaserereka yenyewe. Ni sauti ya raha, sauti ya mteremko. Akafungua kufuli, akasukuma mlango. Gurudumu la nyuma lilikuwa limesimama tuli, spoki zake zinahesabika moja moja. Na ile *tik, tik, tik* iliendelea mbele ya macho yao, taratibu, bila kitu chochote kuzunguka.

"Funga mlango," mkewe alinong'ona.

"Ni upepo."

"Upepo unanuka unga?"

Fundi hakuwa mtu wa kukubali upesi. Alisogea. Kiti cha ngozi, kile kipya, kigumu kama ubao, aina ambayo mwenyewe husifia kwamba lazima akikalie miezi mingi ndipo kimzoee, kilikuwa kimeshabonyea. Mabonde mawili, nayo hayakukaa mbele na nyuma kama ya mpanda baiskeli. Yalikaa upande, kama ya mtu aliyepakiwa, anayening'iniza miguu yote miwili upande mmoja. Fundi alipokitazama, kiti kililia *kriii*, na bonde moja likazama zaidi kidogo, kama mtu anayejiweka sawa.

Mizani ilisema kilo kumi na nne.

Jumatatu ikasema kumi na tisa. Asubuhi ile mteja mmoja alifika mlangoni, akachungulia, akakunja pua, akasema amesahau kitu nyumbani. Hakurudi. Wengine hawakufika kabisa. Neno la Gramu lilikuwa limetembea kuliko miguu yake ilivyowahi kutembea. Hata mpeleka magazeti, ambaye baiskeli yake haikuwa na breki tangu siku nyingi, alipita upande wa pili wa barabara akijifanya anaongea na simu.

"Mrudishie lidude lake," mkewe alisema.

"Nikimrudishia hivi, mimi ni mwizi mpaka kufa kwangu."

"Na usipomrudishia?"

"Nitaijaribu barabarani. Baiskeli haijawahi kunificha kitu nikiwa juu yake."

Hiyo ilikuwa kanuni yake: usikabidhi baiskeli ambayo wewe mwenyewe hujaipanda. Ni kanuni nzuri. Siku nyingine kanuni nzuri humpeleka mtu pabaya. Jumanne saa kumi alasiri, jua kali, aliitoa nje akaishika njia ya nyuma ya maghala, palipo na ukuta mrefu mweupe upande mmoja na mtaro upande wa pili. Ilikwenda. Nzito, lakini ilikwenda, cheni kimya, gia zinaingia kama kisu kwenye siagi, na fundi akaanza kujisifu moyoni kwamba kazi ni kazi, hata iwe ya mjinga. Kisha akatupa jicho ukutani, kwenye kivuli chake.

Kivuli kilikuwa cha baiskeli moja na watu wawili, na yule wa pili alikuwa nyuma yake, mahali ambapo hapakuwa na keria wala chuma chochote cha kukalia kwa sababu fundi mwenyewe aliikata keria ile kwa msumeno wiki mbili zilizopita, ameketi upande, miguu yake mirefu inaburuzika chini ikiruka mawe, kichwa amekilaza kati ya mabega ya fundi kama mtoto aliyechoka, na fundi alipotaka kushika breki akakuta vidole vyake haviisikii akili yake, na miguu inaendelea kupiga pedali, na mgongo unapata baridi pale kichwa kilipolala, baridi yenye unyevu, yenye kunuka unga uliochacha, na kitu kama kidole kikamchokoa ubavuni, mara moja, mara mbili, kama mtu anavyomchokoa punda, na sauti isiyokuwa ya hasira wala ya chuki, sauti ya uvivu tu, ya mtu aliyezoea kuhudumiwa, ikamwambia sikioni:

"Kanyaga."

Alijitupa mtaroni. Hilo ndilo lililomwokoa. Alipotoka, amechubuka kiwiko, baiskeli ilikuwa imesimama barabarani peke yake, wima, tairi zote mbili zimebonyea mpaka rimu zinagusa lami. Ilimchukua yeye na vijana wawili wa maghala kuiburuza mpaka nyumbani, na vijana wale walimuuliza amepakia nini.

Jumatano asubuhi aliuchukua ule mfuko wenye kizibo akaenda kwa mjane.

Mjane alikaa vyumba viwili nyuma ya duka la mikate lililofungwa zamani, bomba la moshi bado limesimama. Alimkuta anaanua nguo. Mama aliitazama mikono yake yenye grisi, hakungoja salamu ziishe.

"Kizibo unacho?"

Fundi akampa. Mama akakipima kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Nilimwambia mara tatu yule bwana. Chukua baiskeli, mwanangu, ila hicho usikitoe. Akanijibu, 'Sawa mama, sawa mama,' macho yake yapo kwenye maungio. Hata bei sikugombana naye. Nilitaka iondoke tu nyumbani."

"Ni nini hicho, mama?"

"Ni abiria." Mama akakaa juu ya ndoo, akampa fundi kigoda. "Mume wangu alikuwa na moyo laini. Siku moja njiani, mchana kweupe, mtu akamwomba lifti. Akampakia juu ya keria, pamoja na mikate. Walipofika, mume wangu akamwambia karibu, shuka. Kugeuka, hakuna mtu. Lakini uzito upo. Miaka mitatu alimbeba, mwanangu. Usiku amelala hapo, miguu inapiga pedali hewani. Mikate yote inachacha kabla ya kufika dukani."

"Na mkamtia kwenye bomba."

"Mganga aliyemtia hakufukiza wala hakupiga ngoma. Alimwangalia mume wangu anavyohema, akasema, huyu jini si mkali, huyu ni mvivu. Akamdanganya kwamba ndani ya bomba kuna kitanda. Akaingia mbio. Tukagonga kizibo."

"Basi tumdanganye tena."

"Mvivu si mjinga. Mara mbili haingii." Mama alikunja shuka, kona kwa kona, bila haraka. "Lakini mganga alituachia neno. Akifunguliwa, yule aliyemfungua asimame mbele ya watu, aseme kwa mdomo wake mwenyewe: mimi ndiye niliyekufungua, shuka uende zako. Kweli humfukuza. Kwa msema kweli hana pa kushika."

"Na akisema uongo?"

"Uongo una mgongo mpana," mama alisema. "Na yeye anachotafuta ni mgongo tu."

Jumamosi walikuja wote saba. Fundi aliwasikia kabla hajawaona, maana viatu vyao vina vipande vya chuma chini vya kushikia pedali, na wakitembea hulia *tok tok* kama kwato. Wiki ile nzima hakuwa ameogopa kitu kama mlio ule, na walipotokeza mlangoni na vitambi vyao alikasirika kwa jinsi moyo wake ulivyokuwa umeruka.

"Haya, mwizi wangu," Gramu alisema. "Ina ngapi leo?"

"Arobaini na saba."

Wakacheka. Kisha wakaiona. Fundi alikuwa ameifunga mizani kwa minyororo miwili kwenye boriti, na boriti ilikuwa imepinda. Baiskeli ilining'inia kwa minyororo ile ikitetemeka kidogo, kama waya wa nguo wenye nguo mbichi. Harufu ikawafikia. Daktari wa meno akaweka kiganja puani.

Fundi aliwaeleza yote, waziwazi, kama anavyoeleza kasoro ya breki. Jini ni nani, alipandaje, alifungwaje, nani alimfungua na kwa ajili ya gramu ngapi. Akamwonyesha mjane, aliyekuwa ameketi pembeni na mke wa fundi. Mwisho akamwambia Gramu neno la kusema, na akamwambia vilevile, bila kumficha, habari ya uongo na mgongo.

"Sasa mimi nimekuambia," alimaliza. "Usije ukasema hukuambiwa."

"Eti jini," Gramu alisema. Alicheka akiwatazama wenzake, akitafuta wa kucheka naye. "Watu wazima, wenye kazi zetu, tuje kuongea na..."

*Kriii*, kiti kililia.

Hakuna aliyecheka. Mmoja alisogea nyuma mpaka akagonga rafu ya tairi.

"Sema tu, ndugu yangu," daktari alinong'ona. "Neno lenyewe dogo. Sema twende."

"Nitasema nini? Kwamba mimi..."

"Kwamba ulikitoa wewe. Si ulikitoa wewe?"

Na hapo ndipo ukamwona mtu. Jasho lilikuwa linamtiririka, macho yake hayatoki kwenye kile kiti, na bado alikuwa anapiga hesabu. Akikubali kwamba kizibo alikitoa yeye, basi fundi si mwizi. Fundi akiwa si mwizi, basi yeye ni mzushi, na uongo ameueneza kwenye kundi zima la chama, watu sitini na tatu wamesoma. Aliona aibu ile ikiwa mbele yake na jini akiwa mbele yake, akavipima, maana ndiyo kazi yake, na akaona aibu ndiyo nzito zaidi.

"Baba," mjane alimwita, kwa upole uliomshangaza hata fundi. "Nani alikitoa kizibo?"

Gramu akainua kidevu. "Fundi," alisema. "Fundi ndiye aliyekutoa. Mimi nilimkataza. Haya, shuka."

Fundi alishika spana. Mkewe akamshika mkono, akamkazia, "Mwache," akasema kwa sauti ya chini kabisa, "mwache, baba watoto, tazama," na fundi akatazama, akaona mabonde mawili ya kiti cha ngozi yanainuka polepole, moja kisha jingine, kama mtu anayenyanyuka bila haraka, akasikia minyororo ikilegea na boriti ikijinyoosha kwa mlio mrefu uliotoka darini ukashuka ukutani, na ile *tik, tik, tik* ikaanza tena lakini safari hii haikutoka kwenye gurudumu, ilitoka sakafuni, ikapita mbele ya mjane ambaye alivuta miguu yake kumpisha, ikapita mbele ya daktari ambaye alifumba macho kama wagonjwa wake wanavyofumba, ikawapita wote sita mmoja mmoja, ikisimama kidogo kwa kila mmoja kama mtu anayechagua ndizi sokoni, mpaka ikafika kwa Gramu, ikamzunguka, ikaenda nyuma yake, na hapo ikanyamaza.

Nje mtu alipita na redio.

Daktari ndiye aliyefumbua macho akasoma mizani, labda kwa kuwa hakutaka kutazama kwingine. "Kilo nane," alisema. "Kilo nane na gramu mia moja hamsini na tisa."

"Mnaona!" Gramu alidakia. "Mnaona! Imeshuka! Nilisema mimi! Nilisema ni yeye ndiye..."

Hakumaliza. Magoti yalimpinda. Alijaribu kuyanyoosha, yakapinda tena, na vile vyuma vya viatu vyake vikapasua sakafu ya saruji, ufa mdogo chini ya kila mguu. Mikono yake ilipanda mabegani ikatafuta kitu cha kubandua, isikione.

"Nani amenishika?" aliuliza kwa sauti ndogo, ya mtoto. "Nyie, nani amenishika? Acheni mchezo."

Hakuna aliyekuwa karibu naye. Wenzake walikuwa wameshafika mlangoni, wanasukumana na viatu vyao vya kwato, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba ni chama.

"Anasemaje, mwanangu?" mjane aliuliza.

Gramu alikuwa ameinama mpaka kidevu kinakaribia kifua. Mguu wake wa kulia uliinuka, ukashuka. Wa kushoto ukainuka, ukashuka. Alikuwa anapiga pedali pale aliposimama.

"Anasema nikanyage," alijibu, akaanza kulia.

Mjane akatikisa kichwa, akasimama, akachukua mkoba wake. Kizibo alikiacha juu ya kigoda. "Hiki hakina kazi tena," alimwambia mke wa fundi. "Bomba la kumtia huyu sasa halipo." Akaaga, akatoka.

"Fundi," Gramu alisema kutoka huko chini. "Fundi, ndugu yangu. Nifanyie kitu."

Fundi alikwenda kwenye ndoano. Aliishusha baiskeli kwa mkono mmoja, nyepesi kama alivyoahidi, akatia upepo kwenye tairi zote mbili, akazungusha gurudumu kuona kama limenyooka. Lilikuwa limenyooka. Akaiegemeza ukutani mbele ya mwenyewe, akafuta mikono kwa kitambaa, akakinga kiganja.

"Kilo nane na gramu mia moja hamsini na tisa," alisema. "Lete laki mbili na sitini yangu."